Dizeli, mafuta ya karai, gesi au umeme? Injini ya fobaifo (4x4) yako hapa Malindi uipe nini

Asubuhi moja ya kusi, saa kumi na mbili na nusu hivi, jamaa yangu mwenye Land Rover ya zamani kanipigia simu yuko njia ya Marafa, starta inazunguka vizuri tu, betri nzima, lakini injini haishiki. Nikaenda. Kufungua filta ya dizeli, ndani kweupe pee, mgando mzito kama samli iliyolala jikoni, ukikwangua kwa ukucha inatoka na inanuka viazi karai. Kumbe wiki mbili zote alikuwa akichanganya dizeli nusu kwa nusu na mafuta yaliyokwisha kaangiwa, anapewa bure hotelini, mchana jua kali yanapita, usiku ule upepo umepoza yakaganda. Tukabadilisha filta, tukamwaga ya tangini yote, tukamwagia paipu maji moto ya birika, tukatia lita kumi za dizeli safi, saa tano ndo ikawaka.

Tangu siku ile watu hawaniachi. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, wale wasimamizi wa nishati wa serikali, wakitangaza bei, lazima mtu aje gereji aniulize sasa nihamie wapi, gesi, umeme, au mafuta ya bajia? Na mimi siwezi kumjibu kwa neno moja manake injini yake siijui na anakokwenda sikujui. Basi nayaweka hapa yote, na maswali ni yale yale kwa kila moja ili nisije nikaambiwa napendelea.

Jiulize haya kwanza

La kwanza ni injini yenyewe, ya plagi (petroli) au ya dizeli, na kama ni ya dizeli ni ile ya kizamani ya pampu au ni ya kompyuta. Hili watu wanaliruka halafu wanalia baadaye. La pili, kujaza. Si kujaza hapa mjini, mjini kila kitu kipo, nauliza kule unakokwenda utajaza wapi, na ukikwama nani atakuletea kwa bodaboda. La tatu, umbali, yaani lita moja (au mtungi, au chaji) inakufikisha wapi, kwenye lami na kwenye mchanga wa Mambrui ambako kila gari linageuka mlevi. La nne, mchanga, maji na chumvi, hii hewa yetu inayokula chuma kama mchwa. La tano, pesa ya kubadilisha na pesa ya kila siku. La mwisho hatari, manake kuna mengine hapa yanaweza kukuchomea nyumba.

Dizeli ya kituo

Injini: hapa ndo nyumbani kwake. Chukua 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, silinda sita, haina kompyuta ya kukununia, ukiipa dizeli safi na oili kwa wakati inaenda miaka. Hizi mpya za komon reli, zile za kompyuta, ni nguvu zaidi na zinakula kidogo, ila presha kwenye noza inayorusha mafuta inapita baa 1,000 na matundu yake ni madogo sana, uchafu kidogo tu umeingia kwenye hasara kubwa.

Kujaza: vituo vipo mpaka njia ya Lamu, Garsen unapata, Mpeketoni unapata, na ndani vijijini kuna dizeli ya jerikani. Hiyo ya jerikani ndo iliyonitoa jasho mimi mwenyewe. Nilinunua lita ishirini mahali fulani ndani huko, gari ikaanza kugonga na moshi ukawa mweupe, kuipeleka kwa fundi wa pampu kaipaka kidoleni akanusa akaniambia hii ina mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi pampu, chuma kinasuguana kikavu. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kuzuia mchezo huo, umepungua lakini mtu mwenye pipa na mpira bado yupo.

Umbali: lita moja ya dizeli ina nguvu kama megajuli 36, katika hivi vyote vya kumwaga tangini hakuna kinachoishinda. Yangu inanipa kilomita 7 barabarani, kwenye mchanga inashuka mpaka 4, kisha nanyamaza.

Mchanga na maji: ina mvuto wa chini mzuri, haina plagi za kulowa ukivuka maji. Adui ni unyevu tangini, kwa hivo msimu wa mvua gari lilale na tangi limejaa, na kile kikombe cha maji chini ya filta kimwage kila wiki.

Pesa na hatari: kubadilisha ni sifuri. Kila siku unalia na bei, na Julai 2023 VAT ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 ikawa 16. Hatari ni ndogo, dizeli haishiki moto kwa kiberiti tu kirahisi.

Biodizeli

Hii watu wanaichanganya na mafuta ya karai, si kitu kimoja. Biodizeli ni mafuta ya kupikia (mapya au machafu) yaliyochanganywa na methanoli na magadi makali, kastiki soda ile, yakakorogwa kwa joto, ile glisarini nzito ikashuka chini na juu ukabaki na kitu chepesi kinachokaribiana na dizeli. Kwa lita 100 za mafuta unatumia kama lita 20 za methanoli.

Injini: dizeli yoyote ya kizamani inaikubali, na mchanganyiko wa asilimia 20 kwa 80 za dizeli ndo watu wengi wanaanza nao. Ukitia safi asilimia 100 kwenye gari la zamani, mipira ya asili ya paipu inalainika inavimba, ubadilishe uweke ya vitoni, mpira usioliwa na mafuta hayo. Tena inaosha tangi! Uchafu wote uliolala miaka ishirini unaenda kwenye filta, ya kwanza na ya pili zitaziba, beba za akiba usije ukadhani mafuta ndo mabaya. Komon reli usijaribu na ya kupikia nyumbani, hiyo nakwambia kama ndugu.

Kujaza: hakuna pampu njiani, ni kile ulichopika na kubeba. Lakini ikiisha unatia dizeli na unaendelea, tangi lile lile, hii ndo raha yake.

Umbali: inapungua kidogo, asilimia 8 hivi kwa lita, kwenye mchanga hutatofautisha.

Mchanga na maji: injini inanguruma laini, moshi mdogo, ila biodizeli inapenda maji kuliko dizeli na ikikaa miezi tangini inaharibika. Gari la kulala msimu mzima likingoja watalii wa Disemba haifai.

Pesa na hatari: ukipata mafuta machafu bure au rahisi, faida ipo, na Malindi hii ya mapiza na kalamari za kukaanga mafuta machafu si haba. Lakini hesabu methanoli, muda, mapipa na mafuta ya kupashia. Na methanoli si mchezo, mvuke wake unashika moto na ukiingia mwilini unapofua macho, mwaka 2014 watu makumi walikufa Kenya kwa pombe iliyotiwa hiyo hiyo. Nje kwenye upepo, glavu, na watoto wasisogee. Kama maji yamo kwenye mafuta unatoka na sabuni badala ya biodizeli, nimeshaona pipa zima limegeuka uji wa sabuni na mwenye nalo anatafuta wa kuoshea vyombo.

Kuna watakaouliza mbono (jatrofa). Sisi hapa mbono tunaujua, ule wa kupanda mpakani mwa shamba. Kulikuwa na mpango wa mwekezaji wa kutoka nje kuulima kwa maelfu ya hekta msitu wa Dakatcha huko Magarini, kuanzia 2009 hivi, wenyeji na watu wa mazingira wakaupinga na haukwenda mbali. Mbegu zake zinatoa mafuta kweli, ila kuzikusanya na kuzikamua ujaze tangi moja ni kazi ya ukoo mzima.

Mafuta ya karai yenyewe, bila kupikwa

Injini: dizeli tupu ukiilinganisha na mafuta ya kupikia baridi, haya ni mazito karibu mara kumi. Pampu inayavuta kwa shida na noza inarusha matone badala ya ukungu, hayaungui yote, yanaacha masizi magumu kwenye ringi na yanachuruzika kuingia kwenye oili, oili inakuwa kama ujiuji. Dawa ni joto, ukiyapasha mpaka digrii 70 au 80 yanakuwa mepesi. Kwa hivo unaweka tangi mbili: unawasha kwa dizeli, injini ikipata moto unageuza swichi unahamia mafuta yaliyopashwa na maji ya rejeta, na kabla ya kuzima unarudi kwenye dizeli dakika kadhaa ili pampu ilale na dizeli. Ukisahau hatua hiyo ya mwisho, asubuhi ndo unapiga simu. 1HZ inavumilia kuliko nyingine kwa sababu inachomea kwenye chumba kidogo cha pembeni kwanza. Injini za kurusha moja kwa moja zinasamehe kidogo, za komon reli hazisamehi.

Kujaza: hotelini na kwa mama wa viazi, kama umeelewana nao. Njiani hupati.

Umbali: karibu sawa na dizeli, asilimia 5 pungufu.

Mchanga na maji: hapa ndo aina ya mafuta inahesabika. Yale ya kigumu, ya kopo na ya mraba, yanayeyuka digrii 35 na kitu, hali asubuhi ya kusi Malindi ni 22, utapata samli ya jamaa yangu. Ya maji maji ya mawese yaliyochujwa au ya alizeti yanavumilia. Yachuje mpaka kitambaa kitoke safi na yapashe uyaache maji yashuke, manake maji ya viazi yamo. Chumvi ya viazi karai na ya samaki inabaki kwenye maji hayo, ikiingia pampuni ni kutu.

Pesa na hatari: kubadilisha si ghali ukiwa na fundi anayejua kuchomelea na kupita paipu, tangi la pili, kipashio, valvu mbili, filta. Kila siku karibu bure. Ila oili ya injini badilisha mapema, nusu ya kilomita za kawaida. Hatari ya moto ndogo, hatari ya kulipa hedi kubwa.

Gesi (LPG)

Injini: ya plagi peke yake. Nasema tena manake kuna aliyekuja na Hilux ya dizeli anataka nimfungie mtungi: gesi haishiki kwa kubanwa kama dizeli, inataka cheche, injini ya dizeli utaifungua yote uibadilishe na haitakulipa, au uichanganye gesi kidogo na dizeli, jambo la kitaalamu lingine. Lakini kama una Suzuki ya petroli, Land Rover ya petroli ya 2.25, au 1FZ ya Land Cruiser, twende. Oktani ya gesi ni juu ya petroli, haigongi, na inaungua safi mpaka oili inachelewa kuwa nyeusi. Hedi za zamani za chuma siti za valvu zinaweza kulika, kwa hivo klearansi (mianya ya valvu) zipimwe.

Kujaza: hapa ndo mtego. Gesi ya gari inajazwa kwa majimaji kwenye tangi lake maalum, usidanganyike kufunga mtungi wa jikoni wa kilo 13 kwenye buti, ule ni wa kutoa mvuke na haukutengenezwa kurukaruka. Kabla hujalipa fundi, piga simu uhakikishe pampu ya gesi ya magari iliyo karibu nawe, na ubaki na tangi la petroli pia, kwenye gari la kawaida zote mbili zinakaa.

Umbali: lita ya gesi ina megajuli kama 25, ya petroli ni 32 na kitu, kwa hivo utakula lita nyingi zaidi kwa robo hivi. Tangi nalo linajazwa asilimia 80 tu, nafasi ya kupanuka kwa joto ibaki.

Mchanga na maji: hapa gesi inafanya maajabu ambayo watu hawayajui. Kabureta ina kikombe na boya, ukipanda tuta la Mambrui kwa ubavu gari limelala upande, boya linachanganyikiwa, petroli inafurika au inakauka, injini inakohoa na kuzima pale pale tutani huku mchanga unakumeza. Gesi haina kikombe, unapanda ulalavyo, inaendelea. Kwa mtu wa matuta hili peke yake ni sababu. Ubaya ni tangi linachukua nafasi ya mizigo au linaning'inia chini likagonga mawe.

Pesa na hatari: vifaa vya kufungia gesi na fundi mwenye ujuzi si bei ya sigara. EPRA haipangi bei ya gesi kila mwezi kama petroli, kwa hivo ulizia sokoni. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini inatulia kwenye shimo la gereji au sakafu ya gari. Paipu zipimwe kwa povu la sabuni, na gari lisilazwe ndani pasipo upepo.

Umeme

Injini: unaing'oa yote, unaweka mota na betri. Kuna kampuni Kenya, zamani Opibus sasa Roam, iliwahi kugeuza magari ya safari kuwa ya umeme, kwa hivo si ndoto. Mota inatoa nguvu kuanzia mzunguko wa kwanza, hakuna klachi ya kuungua mchangani, na simba hamsikii mtu akifika.

Kujaza: soketi ya kawaida ya nyumbani inatoa kilowati 3 hivi, betri ya kilowati-saa 60 inachukua saa 20, yaani unachaji leo unakwenda kesho. Tarifu ya umeme ya 2023 iliweka bei maalum ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa uniti (kilowati-saa moja) na 8 saa za usiku, hiyo kabla ya tozo nyingine. Hoteli zenye paa kubwa zina njia nyingine, paneli kumi za wati 400 kwa jua letu zinatoa kama uniti 20 kwa siku, siku tatu betri imejaa.

Umbali: twende kwenye hesabu. Lita ya dizeli ina kama uniti 10 za joto, lakini injini inafikisha kwenye gurudumu kama 3 tu, nyingine zinapotea rejeta na ekzosi. Mota haipotezi hivyo. Kwa hivo uniti 60 ni kama lita 17 au 18 za dizeli, kwa gari langu ni kama kilomita 120, mchangani nusu. Kutoka Malindi mpaka geti la Sala la Tsavo ni zaidi ya kilomita 100 kwenda tu, utafika, kurudi utalala pale na simba.

Mchanga na maji: betri inapima kilo 400 hivi, mchangani uzito unazama, punguza upepo wa tairi. Maji si shida kama limefungwa vizuri, chumvi ndo shida. Nilifungua plagi ya waya kwenye pikipiki moja ya umeme iliyolala ufukweni miezi mitano, shaba imevaa joho la kijani, mguso haupo. Paka grisi ya umeme na ukague kila mwezi.

Pesa na hatari: kubadilisha ni pesa ya gari jingine. Kila siku rahisi sana, hakuna oili ya injini, hakuna filta ya mafuta. Volti zake zinaua, fundi wa mtaani asifungue. Ukibadilisha kitu kikubwa hivi, taarifa za gari ziende NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) na bima wajulishwe, kwa gesi pia.

Vingine kwa haraka

Kuna aliyeniuliza ethanoli, nusu kwa utani akanionyesha kibuyu cha mnazi. Mnazi karibu wote ni maji, injini haitalewa. Ethanoli kamili inavuta unyevu na hewa yetu ina unyevu mwingi, kwenye kabureta la zamani ina kazi. Mafuta ya taa nimeshasema.

Wewe je?

Una Land Cruiser ya kizamani na unapeleka watalii Tsavo au Galana, baki na dizeli, jaza hapa mjini na beba jerikani yako mwenyewe uliyojaza wewe. Ukitaka kupunguza, biodizeli asilimia 20 kutoka kwa mtu unayemwamini, na filta mbili chini ya kiti.

Una hoteli yenye karai na gari moja la kwenda Watamu, Gede, Mambrui na kurudi, mafuta ya karai na tangi mbili yanakufaa, mradi dereva ni mmoja asiyesahau swichi. Madereva wakibadilishana kila siku, usijaribu. Hoteli hiyo hiyo ikiwa na sola ya kutosha, umeme unaanza kuwa na maana, kwa safari za asubuhi tu.

Una Suzuki ya petroli na wikendi unacheza matuta, gesi, na tangi la petroli libaki.

Una gari la komon reli la mkopo, dizeli ya kituo na risiti, hakuna kingine mpaka mkopo uishe.

Na ndugu zangu wa Lamu, kisiwani kwa punda mmeshamaliza ubishi huu, lakini anayeliacha gari Mokowe na kuliendesha Hindi na Witu, dizeli. Akitaka umeme ahakikishe kwanza anapoliegesha pana soketi, na wa kulilinda lisichezewe.

Yule jamaa wa Marafa ameshafunga tangi la pili. Bado anasahau kugeuza swichi kabla ya kuzima, mke wake kamwandikia kwa kalamu nyekundu kwenye dashibodi, RUDI DIZELI.